Mwanasheria Bungeni: Funzo la Dkt. Harrison Mwakyembe
Mhadhara wa umma, Nanyala, Mkoa wa Songwe



Nimeombwa nizungumzie mwanasheria wa mji mdogo anayeingia bungeni. Kwingineko mhadhara wa namna hii ungeanzia Marekani, kwa Abraham Lincoln, aliyechaguliwa kuingia Bunge la jimbo la Illinois mwaka 1834 na kupata leseni ya uwakili miaka miwili baadaye. Sisi tunaye wa jirani. Fuateni barabara ya TANZAM kutoka hapa hadi Uyole, mkate kulia mpite Tukuyu, mtafika Kyela. Huko ndiko kwao Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo kuanzia 2005 hadi 2020. Hoja yangu naisema mapema: shahada ya sheria ni nyenzo tu. Kazi itakayofanya inategemea kiti anachokalia mwenye nayo.

Safari ya kuingia Bungeni

Mwakyembe alipitia uandishi wa habari, akasomea sheria, akaifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya uzamivu aliipata Hamburg, Ujerumani, kwa tasnifu iliyochambua Mabadiliko ya Nane ya Katiba yetu, yale ya 1992 yaliyorudisha mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa wabunge wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki mjini Arusha. Miaka minne baadaye Kyela ikampeleka Dodoma.

Katiba haimtaki mbunge awe msomi. Ibara ya 67 inamtaka awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa Bunge ni la wananchi wote. Ila kwa miongo mingi miswada ilikuja kwa Kiingereza huku ikijadiliwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Katika Bunge la aina hiyo, aliyeweza kufungua kifungu na kukisoma mwenyewe alikuwa na nguvu kuliko wenzake.

Richmond

Nguvu hiyo ilionekana wazi katika sakata la Richmond. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Mkataba wa dharura wa megawati 100 ukasainiwa na kampuni ya Richmond, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Mitambo ikachelewa, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, mwanasheria mwingine, liliunda Kamati Teule ya watu watano: Mwakyembe mwenyekiti, pamoja na Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Mohamed Habib Mnyaa wa upinzani.

Tarehe 6 Februari 2008 Mwakyembe alisoma taarifa. Maswali ya Kamati yalikuwa yale ambayo hakimu yeyote wa wilaya angeuliza. Kampuni imesajiliwa wapi? Imewahi kufanya kazi gani? Nani aliielekeza Tanesco, shirika la umeme la taifa, na kwa barua ipi? Kamati ikaeleza kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi. Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Wengi wetu huishia hapo tukipiga makofi. Mwanasheria hapaswi kuishia hapo. Lowassa alilalamika mbele ya Bunge kwamba Kamati haikumwita kumhoji, na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu. Inaweza kujibiwa kwamba kamati ya Bunge si mahakama, wala haifungi mtu. Ni kweli, lakini taarifa yake inaweza kumaliza uongozi wa mtu kwa siku moja, na kwa uzito huo malalamiko yale yalistahili jibu la kisheria. Lowassa hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa jambo hilo. Na mwaka 2010 wasuluhishi wa Chemba ya Kimataifa ya Biashara waliiamuru Tanesco iilipe Dowans fidia, iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 94. Bunge laweza kumng'oa waziri. Mkataba uliokwisha sainiwa unabaki na meno yake.

Upande wa pili wa meza

Baada ya uchaguzi wa 2010 Mwakyembe aliteuliwa Naibu Waziri wa Ujenzi, na mwaka 2012 akawa Waziri wa Uchukuzi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka treni ya abiria wa mjini waliyoibatiza jina lake. Uwanja wa ndege wa Songwe, jirani yetu hapa, nao ulianza kutumika mwishoni mwa mwaka huohuo.

Ukaja wakati mwingine. Februari 2017, akiwa Waziri wa Katiba na Sheria, alikionya Chama cha Wanasheria Tanganyika kwamba kingeweza kufutwa kikijiingiza katika siasa. Juni mwaka huohuo, yeye akiwa Waziri wa Habari, gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 baada ya kuwahusisha marais wastaafu na mikataba ya madini. Mwanahabari wa zamani, aliyepata heshima ya taifa kwa kufukua mkataba, sasa alikuwa waziri wa serikali iliyofungia gazeti kwa habari za mikataba.

Tukimlaumu mtu mmoja tutakuwa tumeacha mzizi. Ibara ya 55(4) inataka mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Mbunge anayeibana Serikali vizuri anaonekana, na anayeonekana anaweza kuitwa akaungane na aliokuwa akiwabana. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza waziri asiwe mbunge. Kura ya maoni ya Katiba hiyo mpya, iliyopangwa Aprili 2015, haijafanyika hadi leo.

Kwa hiyo, wananchi wa Nanyala, mgombea akija na shahada ya sheria mkononi, msimnyime kura kwa ajili hiyo wala msimpe kwa ajili hiyo. Muulizeni mambo mawili: ni mkataba gani ataudai bungeni ili tuusome, na je, ataudai vilevile akipewa uwaziri? Wakati mkimsubiri, anzeni na yaliyo mikononi mwenu. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na ardhi ya kijiji haigawiwi gizani. Hudhurieni, ombeni nyaraka, muulize nani alisaini. Kazi hiyo haihitaji leseni ya uwakili.