Ukili na Vidonge: Vikundi vya Ususi na Vijana Wenye Kifafa Pande za Madogo



Leo nitazungumza juu ya mikeka na juu ya kifafa, na nitaviweka katika pumzi moja. Dawa ya kifafa ipo, bei yake si ya kutisha, na bado vijana wengi huianza kisha wakaiacha. Sababu mojawapo ya kuiacha ni upweke, na upweke hauna kidonge. Kikundi cha ususi kinaweza kuushughulikia kikiundwa kwa akili. Kikiundwa ovyo, kitakuwa mradi mwingine wa kupigia picha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, ambayo imetumika kwa kifafa tangu 1912, inaweza kumgharimu mgonjwa mmoja chini ya dola tano kwa mwaka. Kuna mikoba ya wanafunzi humu ukumbini iliyonunuliwa kwa zaidi ya hapo.

Kwa nini nizungumzie pande hizi? Kwa sababu mambo yanayojeruhi ubongo wa mtoto yamejaa kando ya mto Tana. Mama hujifungua kwa taabu mbali na mkunga mwenye vifaa. Mvua zikipita, malaria hupanda, na watafiti wa Kilifi, ambao wamekuwa wakifuatilia watoto wa Pwani tangu 1989, wameonyesha kwamba watoto walionusurika malaria kali hupata kifafa zaidi kuliko wenzao. Homa ya Bonde la Ufa ilipopiga Garissa na Tana River mwaka 2006 na 2007, tulihesabu ng'ombe waliotupa mimba na watu waliovuja damu. Ni wachache waliotaja kwamba virusi vya homa hiyo huweza pia kuvimbisha ubongo.

Halafu kuna mto wenyewe. Novemba 2023 maji yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na Aprili 2024 yakaikata tena. Mwisho wa mwezi huo mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka na watu wakafa. Mabwawa ya juu yakijaa, kuanzia Masinga kushuka, sisi wa chini tunajua kinachofuata. Kwa mwenye kifafa, barabara kukatika ni hatari ya aina yake. Anayekatiza fenobabitoni ghafla anaweza kuanguka mara kwa mara bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huua. Isitoshe, Madogo iko Kaunti ya Tana River na hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu iko ng'ambo, Kaunti ya Garissa. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, kijana wa Madogo akivuka daraja kutafuta matibabu anakuwa mgonjwa wa serikali moja na mkazi wa nyingine. Akikosa kurudi kliniki, ni nani wa kumwulizia?

Jirani hamwulizii, na hilo tunalijua. Akianguka sokoni, watu hutawanyika, maana wanaamini kwamba povu huambukiza. Atakayebaki pengine atamnusisha kiatu au kumtia kijiko kati ya meno. Nitasema hapa kama ninavyowaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza: mgeuze ubavu, msogezee mbali mawe na moto, mlegezee ukosi, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatikisika, tafuta gari. Povu haliambukizi mtu.

Hofu hiyo si ya kwetu pekee. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alifika Mahenge nchini Tanganyika karibu na wakati wa uhuru. Akawakuta wenye kifafa wametengwa, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni hapakuwa na aliyethubutu kuwagusa. Alifungua kliniki, akaanza kutoa fenobabitoni, na kwa wengi mianguko ikapungua. Ninaposoma habari za Mahenge, hunivuta zaidi jambo ambalo halimo katika hesabu ya vidonge: siku ya kliniki, watu ambao kila mmoja alijidhani peke yake duniani waliketi foleni moja wakaonana.

Mtaniambia: basi waelimisheni watu. Hilo limejaribiwa karibu nasi. Watafiti wa Kilifi walichukua watu 738 wenye kifafa, wakawagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa mafunzo ya siku moja kuhusu ugonjwa na dawa, jingine likasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliofunzwa walipunguza imani kuhusu mapepo na tiba za kienyeji, na dhana mbaya walizokuwa nazo juu ya kifafa zikapungua. Lakini katika kutumia dawa, iwe kwa kipimo cha damu au kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Utafiti huu ni wa thamani kwa sababu haukutufurahisha. Mtu anaweza kujua kila kitu kuhusu kidonge na asikimeze.

Anayekimeza miaka mitano mfululizo ana mtu anayemwona kila wiki. Haya ni maoni yangu, sikuyapata katika jedwali, na ndiyo yanayonileta kwenye mikeka.

Wazungu wana vikundi vya kufuma. Betsan Corkhill, aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, alianzisha huko Bath, Uingereza, shirika la kutazama faida za kufuma kwa watu wenye maumivu ya kudumu na msongo. Yeye na wenzake, Jill Riley na Clare Morris, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa wafumaji 3,545. Waliofuma mara nyingi walisema wanatulia na kufurahi zaidi, na waliofuma katika vikundi walisema wanapata na watu wa kuzungumza nao. Ni habari njema, ila waliojibu ni watu ambao tayari wanapenda kufuma. Ukiwauliza wavuvi kama samaki ni mtamu, jibu unalo kabla hujauliza.

Karibu zaidi nasi ni Harare. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo. Jaribio lake la watu 573 lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliopitia benchi, na kwa asilimia 50 ya waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wakitoka kwenye benchi, wanawake hujiunga na kikundi ambamo husuka mikoba kwa plastiki iliyokwisha tumika huku wakiendelea kuzungumza. Tahadhari: kilichopimwa ni benchi, mikoba haikupimwa. Sitaki mtu atoke hapa akisema utafiti umethibitisha kwamba kusuka kunatibu ubongo.

Sasa hapa kwetu, nani atafuma sweta? Madogo, joto hili, utamwuzia nani? Sweta za sare ya shule zina wenye mashine zao. Sanaa ya mikono ya pande hizi ni majani ya mkoma. Wanawake wa Kiorma na wa Kisomali wamesuka mikeka ya kufunikia nyumba za kuhama tangu zamani. Ukishuka na mto hadi Garsen, Wapokomo nao wana yao. Ufundi huu hauhitaji mwalimu kutoka Nairobi. Walimu ni mama zetu.

Naomba mnivumilie nieleze kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa maana faida yake imo humo. Kuti changa la mkoma hukatwa kabla halijafunguka. Huanikwa, kisha huchanwa vipande vyembamba vyenye upana sawa. Baadhi huchemshwa katika rangi. Hulowekwa kidogo ili visikatike, kisha husukwa ukili, ule mkanda mrefu unaopimwa kwa pima, na mwisho ukili hushonwa kwa shazia hadi uwe mkeka. Hizo ni kazi sita au saba, na kila moja ina mkono wake. Msichana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake wa kushoto umekaza hatasuka ukili wa njia nyingi, lakini anaweza kupanga vipande vya majani kwa rangi, kupima na kuhesabu. Mwenye kumbukumbu hafifu baada ya ajali ya bodaboda anaweza kusuka mtindo mmoja usiobadilika, ambao vidole huukariri hata akili ikichoka. Mwenye kifafa anaweza kufanya karibu zote ila moja: asiketi penye sufuria ya rangi inayochemka. Na anayesuka ameketi chini, juu ya mkeka. Akianguka, hana mbali pa kuangukia. Linganisheni na kazi ambazo kijana wa hapa hupewa: kuchota maji mtoni peke yake, kunywesha mifugo, kuendesha bodaboda.

Ipo faida nyingine. Kliniki humwuliza kijana uso kwa uso, daktari ana kalamu mkononi: "Unameza dawa?" Atajibu, "Ndiyo, daktari." Nani angejibu vingine? Mmoja wa akina mama akimwuliza swali hilohilo huku macho ya wote yako kwenye ukili, baada ya kimya kidogo utasikia, "Shangazi, ziliisha Ijumaa. Nauli ya kwenda ng'ambo sina." Nimeketi katika vikao vya wasusi vya kutosha kujua kwamba mambo mazito husemwa hivyo, kwa ubavu, bila mtu kumtazama mwenzake.

Wavulana watakataa, ususi wa mikeka ni kazi ya wanawake. Tusibishane nao sana. Wapewe kamba, wapewe migono ya kutegea samaki, ambayo wanaume wa mtoni wamesuka siku zote. Wapewe hata kofia, kwa kuwa Lamu mwanamume hushona kofia wala hapana amchekaye. Ila waketi baraza moja na wasichana na akina mama. Wakitengwa, tutakuwa tumeanza upweke mwingine.

Hapo ndipo tunapofikia suala ambalo mimi na wenzangu hatukubaliani juu yake. Je, kikundi kiwe cha wenye kifafa tu? Wanaosema ndiyo wana hoja: mwenye ugonjwa humwelewa mwenzake, na kikundi cha watu wenye ulemavu kinaweza kuomba msaada kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mimi nasema hapana, au si kwa asilimia mia. Msichana wa miaka kumi na minane ana posa ya kufikiria. Akionekana kila Alhamisi akiingia "kikundi cha kifafa", tumemwandika usoni. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kwa jina la kawaida, kiwe na wasusi wazima na wagonjwa, Waorma, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wasomali, na mke wa mfanyabiashara Mkamba akitaka. Mchanganyiko huo utafanya kazi ambayo mabango hayawezi. Mwanamke aliyemgeuza binti ubavu mara moja, akaona kwamba hakuambukizwa, hatakimbia tena sokoni, wala wanawe hawatakimbia.

Soko nalo lisitutie hofu mno. Mabasi ya Nairobi hupita Madogo, na kwenye kizuizi cha polisi karibu na daraja abiria huteremshwa kuonyesha vitambulisho. Mtu aliyesimama juani akisubiri kukaguliwa ni mteja. Hata hivyo biashara isimeze shabaha. Nimeona vikundi ambavyo agizo kubwa liliingia, mwenye kasi akasifiwa, na mwenye mkono mzito akaanza kukosa vikao.

Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya neva hadi 2031, unaotaka huduma za kifafa ziongezeke kwa asilimia 50 kuliko zilivyokuwa 2021. Kenya ni mwanachama. Kwa Madogo, natafsiri mpango huo kwa mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili. Siku ya kusuka na siku ya kliniki ya kifafa iwe moja, kwenye kituo kilekile cha afya, ili anayekuja kuchukua vidonge aonekane amekuja kusuka. Wasichana wanaotumia dawa ya kifafa ya valproeti waulizwe na mhudumu kuhusu uzazi, kwa kuwa dawa hiyo ina hatari kwa mimba. Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kila mmoja apewe dawa za kuvusha msimu wa mafuriko. Idara za afya za kaunti mbili ziandikiane, hata kwa daftari moja linalovuka daraja, ni nani wa Madogo anayetibiwa Garissa.

Na kanuni ya fedha iandikwe siku ya kwanza, kabla mkeka wowote haujauzwa: aliyekosa kikao kwa kuwa ameanguka hakatwi fungu lake. Mweka hazina atalalamika. Akilalamika, wazee wa Madogo mlioko mbele yangu, ninawaomba mwe upande wa yule aliyeanguka.