Saa Zetu Zihesabiwe Pamoja: Mkufunzi wa Uuguzi Kati ya Darasa na Wodi



Mada niliyopewa inahusu namna ya kumudu kazi mbili nzito, ualimu na uuguzi. Nitaizungumzia kama mkunga ambaye pia ana vipindi darasani, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mkufunzi wa uuguzi hapaswi kuiacha wodi. Wala hapaswi kuifuata wodi kwa kuiba saa zake za usingizi. Yote mawili yatawezekana chuo na hospitali vikikaa pamoja na kupanga ratiba moja.

Kwa nini tusiiache wodi? Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba uchungu uliokolea unaanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo yanayoanzia sentimita 5, na mwishoni mwa 2020 likaleta mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu badala ya patografu tuliyoizoea. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliyejifungua aliwekewa shuka ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, damu ikapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote za kuzuia damu zikatolewa kwa mkupuo bila kusubiri moja ishindwe. Kutokwa na damu kupita kiasi, upasuaji na vifo vitokanavyo na damu hiyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Kizazi chetu kilifundishwa kukadiria damu kwa kutazama vitenge vilivyolowa, na tunajua sasa kwamba jicho hukadiria chini ya kilichomwagika.

Mkufunzi anaweza kuyasoma haya yote ofisini. Lakini mwanafunzi akiuliza shuka ile inapitishwaje chini ya mama asiyeweza kuinua kiuno kwa maumivu, jibu halimo kwenye waraka. Liko kwa mtu aliyefanya hivyo wiki iliyopita.

Na hili si jambo geni. Shule ya Nightingale ilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, Sarah Wardroper ndiye aliyekuwa matroni wa hospitali na ndiye aliyesimamia shule. Mafunzo yalipokuja kujitenga na hospitali, uuguzi ulipata heshima ya kitaaluma, lakini walimu wakaanza kuwa wageni wodini. Huko Marekani, mwaka 1972, Loretta Ford alipewa uongozi wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Rochester pamoja na idara ya uuguzi ya hospitali yake. Luther Christman akafanya hivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Rush, Chicago. Ninachokipenda katika uamuzi wao ni kwamba waliunganisha vyeo, ili mtu mmoja asigombaniwe na mabwana wawili.

Sisi tumeunganisha kwa njia nyingine, njia ya kimyakimya. Mkufunzi anafundisha mchana, usiku anashika zamu katika hospitali binafsi. Tusiwahukumu wenzetu hawa. Kuna ada za watoto, kuna kodi ya nyumba, kuna wazazi kijijini. Wengine wanakwenda kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kugusa mgonjwa. Hata hivyo naomba tuitazame hesabu ya usiku huo bila kufumba macho.

Aliyeamka saa 12 asubuhi, akafundisha hadi jioni, kisha akaingia zamu, inapofika saa 5 usiku amekuwa macho saa 17. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha kiasi hicho hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akitimiza saa 24, anakaribia asilimia 0.10. Sasa mleteni mama mwenye kifafa cha mimba saa 11 alfajiri. Anahitaji gramu 4 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa. Dawa iliyopo kabatini ni ya asilimia 50, hivyo vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20, uziingize taratibu. Kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Mchana, ubaoni, mkufunzi huyu huyu anaifanya hesabu hii bila kusita. Alfajiri, anayelipia kosa lake ni mama ambaye pumzi zake zinaweza kusimama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Chuo kinatimiza sharti hilo kwa upande wake, na hospitali ya usiku inatimiza kwa upande wake. Mapumziko ya huku ndiyo kazi ya kule, na hakuna anayejumlisha.

Kwa hiyo napendekeza siku ya wodi ihesabiwe kama vipindi. Mkufunzi akiwa wodi ya wazazi Jumatano nzima, azimio lake la kazi lionyeshe hivyo, na mkuu wa chuo asimpangie darasa la kufidia. Asiingie kama mgeni wa kukagua vitabu vya mazoezi. Apewe wagonjwa, ashiriki makabidhiano ya zamu, aandike kwenye mafaili. Na asiyekuwa na wagonjwa wake mwenyewe, ningependa asipangiwe kusimamia mitihani ya vitendo.

Upande wa pili umesahaulika zaidi. Muuguzi wa wodi anayepokea wanafunzi wetu anafundisha, lakini hakuna anayemwita mwalimu. Ana wagonjwa wake wote kama kawaida, na juu yao ana wanafunzi wanaomzunguka wakisubiri kuonyeshwa. Zamu yenye wanafunzi ipunguziwe wagonjwa kwa kila msimamizi, na kazi hiyo iingie kwenye tathmini yake ya mwaka na posho yake. Wauguzi wafawidhi mliopo hapa mnajua ni dada gani na kaka gani ninaowasemea.

Baada ya chai naomba kila chuo kikae meza moja na hospitali inayopokea wanafunzi wake, ratiba zote mbili zikiwa mezani. Tuanze na muhula ujao, kwa kuwatafuta kwanza wale wote wenye kipindi cha asubuhi mara baada ya zamu ya usiku.