Maneno Machache Kabla ya Kusikiliza Muziki wa Lincoln



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya muziki mtakaousikia usiku huu. Tunajua wako wenzetu wanaouliza: chama cha wafanya kazi wa reli kina haja gani na fidla za Wamarekani? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba kwaya ya tawi letu imeazimia kutunga wimbo wa marehemu Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kabla ya kutunga ni vizuri kutazama jinsi fundi mwingine alivyoifanya kazi kama hiyo.

Fundi huyo ni Aaron Copland, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1900, mtoto wa Wayahudi wahamiaji wenye duka. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, kiongozi wa okestra Andre Kostelanetz alimwomba atunge muziki wa kumwonyesha mtu mkubwa wa taifa. Basi akatunga juu ya Abraham Lincoln, Rais aliyetangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, kisha akauawa kwa risasi Aprili 1865. Kazi yenyewe huitwa Lincoln Portrait, yaani Picha ya Lincoln. Ilipigwa mara ya kwanza mjini Cincinnati tarehe 14 Mei 1942, nayo huchukua kama robo saa tu.

Mwanzo wake ni wa polepole, kama mtu mwenye mawazo anayetembea peke yake. Humo Copland ametia wimbo wa zamani wa wakulima, juu ya kijana aliyeumwa na nyoka akafa. Halafu muziki unakwenda mbio, na hapo utasikia vipande vya wimbo wa Stephen Foster wa mashindano ya farasi. Hapa sisi hatumsifu sana Copland. Wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya wazungu waliojipaka masizi usoni wakawaiga watu weusi ili watu wacheke. Ni kweli ulipendwa siku za Lincoln, lakini kwetu unakwaruza sikio.

Kisha okestra inapunguza sauti, na mtu mmoja anasimama kusema. Haimbi. Anaeleza Lincoln alizaliwa wapi, alikuwa mrefu kiasi gani (futi sita na inchi nne), na ya kuwa alikuwa mtu mtulivu mwenye huzuni. Hakuna kumwita simba wala radi. Kisha anasoma maneno ya Lincoln mwenyewe, na Copland aliagiza katika karatasi za muziki kwamba msomaji asiyatilie mkazo wa kupita kiasi. Wanakwaya wetu wanaopenda kupaza sauti hapo tunawaomba wasikilize mara mbili.

Na katika hotuba nyingi za Lincoln, alichagua zipi? Hili ndilo lililotufanya tulete muziki huu. Pamoja na maneno ya vita na ya umoja, aliyachukua yale ya mwaka 1858, ambamo Lincoln alilaumu mtindo wa mmoja kutoka jasho na kupata mkate, na mwingine kuketi akaula. Alisema huo ni udhalimu ule ule, uwe wa mfalme au wa mwenye watumwa. Mtu wa reli hawezi kulipita neno hilo bila kukumbuka jambo lisilomo katika muziki: mwana wa Lincoln, Robert, alikuwa mkuu wa kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala tangu 1897 hadi 1911, na watumishi weusi wa mabehewa hayo walipounda chama chao mwaka 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph, walingoja mpaka 1937 ndipo wakapata mkataba.

Msidhani muziki wa kumsifu Rais aliyekufa hauna hatari. Januari 1953 ulikuwa umepangwa kupigwa Washington katika sherehe za kumwapisha Rais Eisenhower. Mbunge mmoja, Fred Busbey, akasema mtungaji anashirikiana na wakomunisti, na ukaondolewa. Mwezi wa Mei Copland akaitwa mbele ya kamati ya Seneta McCarthy kuhojiwa. Picha ya Lincoln ilitakiwa ukutani, lakini maneno yake yakaogopwa.

Mwaka 1957 ulipigwa Caracas, nchi ya Venezuela ilipokuwa chini ya mwanajeshi Pérez Jiménez, na msomaji, mama mmoja aitwaye Juana Sujo, akasoma kwa Kihispania. Copland alisimulia kwamba yalipofika maneno ya mwisho, juu ya serikali iliyo ya watu wenyewe, watu walisimama wakapiga kelele hata yeye mwenyewe asisikie muziki ulivyomalizika. Januari 1958 Pérez Jiménez aliangushwa. Hatusemi ni muziki uliomwangusha.

Kwa hivyo tunawaomba wanakwaya, kabla ya kutafuta sauti ya kwanza na ya pili, wakae na hotuba za Mboya za siku alizokuwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, waamue ni maneno yapi yatasomwa. Wanachama wenye magazeti ya zamani wayalete ofisini kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa ndugu wa mtambo aanze. Wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango, maana mwisho wake una kishindo.