Vitu Vilivyokatazwa na Uaminifu Kambini



Leo ninasema juu ya kambi, lakini si kambi ya waliokimbia vita. Huko Marekani, watoto wengi hupelekwa kwenye kambi za likizo kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Wanalala msituni au kando ya ziwa, na walezi wao wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1993, katika jimbo la Maine, kambi ya Seeds of Peace ilianza kukutanisha vijana wa Israeli, Palestina na Misri. Mahali kama pale, kuaminiana ndiyo kazi yenyewe.

Kambi hizo zina orodha ya vitu vilivyokatazwa: silaha, pombe, dawa za kulevya, na mara nyingi telefone na vyakula vya nyumbani. Sababu zipo. Chakula kikiachwa hemani huvuta wanyama, na karanga zaweza kumwua mtoto ambaye mwili wake unazikataa. Telefone humtenga mtoto na wenzake.

Shida huanza katika utekelezaji. Kuna wazazi wanaompa mtoto telefone mbili: moja ya kumkabidhi mlezi, nyingine ya kuficha. Njia ya mwongo ni fupi: ya pili ikionekana, mlezi hamwamini tena mtoto hata akisema kweli. Tena, mlezi anayepekua mfuko kwa siri, au anayekataza telefone na huku yake iko mkononi, anapoteza heshima mbele ya watoto wote.

Ndugu zangu, watoto wetu wanajua upekuzi. Wamefunguliwa mizigo kwenye bariere, vitu vikachukuliwa, havikurudi. Basi, tunapowakusanya wakati wa likizo kubwa, tushike mambo haya:

1. Sheria na sababu yake zisemwe mapema mbele ya wazazi na watoto.
2. Kitu halali kilichowekwa, kama telefone, kiandikwe jina na kirudishwe siku ya mwisho.
3. Mfuko ukilazimika kufunguliwa, mwenyewe awepo, pamoja na mtu mzima wa pili.
4. Sheria imfunge mlezi pia.
5. Mtoto akitoa habari kwamba mwenzake ana kisu, jina lake lisitangazwe. Lakini mlezi asiahidi kuficha jambo la hatari. Aseme wazi kwamba atamjulisha mkubwa wake.
6. Aliyekosa aadhibiwe kwa kiasi, kisha apokelewe tena katika kundi.

Tukinyang'anya kisu kwa aibu na matusi, tumeondoa kisu kimoja tu. Kesho kikija kingine, hakuna mtoto atakayetuambia kiko wapi. Tukikichukua kwa haki, watoto wenyewe watakuwa walinzi wa amani pamoja nasi.