Namba ya Chombo na Jicho la Mtu



Nimetakiwa nieleze kazi yangu. Ofisini petu tunayo programu ya mtandaoni ya kuandikishia vyombo vidogo, iliyoundwa kwa msaada wa akili mnemba. Sasa tumeiongezea uwezo wa kusoma, kwa kamera ya simu, namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo.

Mtauliza: kusoma namba kuna uzito gani? Nendeni Malindi au Mkokotoni mkatazame. Chumvi na jua hula rangi. 8 ikaonekana 3, 7 ikaonekana 1. Meli kubwa zina kinga. Chukueni namba ya IMO 9074729: zidisheni tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisheni. Mtapata 139, inayoishia na 9, ndiyo tarakimu ya saba. Isipolingana, namba imekosewa.

Namba za mashua tunazoandikisha hazina kinga hiyo. Kwa hiyo programu ikishasoma, huonyesha jina la chombo na la mwenyewe, na mkaguzi huthibitisha kwa jicho lake.

Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit. Tulipoteza mamia ya ndugu zetu. Chombo kisiporudi, tarakimu moja ikikosewa, kilio hupelekwa nyumba isiyo yake.

Vijana, shikeni hesabu. Mashine itasoma, lakini dhamana ni ya mtu.