Ofisi ya Mgodi wa Dhahabu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ngoliba)



Sisi wa mashamba ya Thika na Ruiru twaijua ofisi ya mwajiri: dirisha dogo, karani, daftari la majina, na foleni ndefu mwisho wa mwezi. Leo twataka kuwaeleza habari za ofisi ya namna hiyo, ile ya mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega.

Dhahabu ya Kakamega ilijulikana mwaka 1931. Siku zile bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka ulimwenguni kote, na masetla wenye madeni wakaacha majembe (majembe ya vibarua wao, bila shaka) wakakimbilia huko kusimamisha vigingi katika mashamba ya watu. Kampuni zikafuata, nazo zikajenga.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria: ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, wenyeji wapewe nyingine ya kiasi kile kile, na Baraza lao liulizwe kwanza. Desemba 1932 sheria ikageuzwa. Kwa ajili ya madini, fedha zatosha, wala Baraza halina haja ya kuulizwa! Ahadi haikutimiza miaka mitatu.

Basi shamba likawa hesabu katika ofisi, na wana wa wakulima wakashuka shimoni kwa mshahara.

Mgodi ulifungwa mwaka 1952. Jina la Rosterman limebaki kuwa jina la mtaa. Wako wanaosema nyumba kuukuu za mgodi zitiwe rangi, watalii waje. Hatuna ugomvi na rangi. Twauliza vitabu viko wapi. Mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka kumi, watoto wake wataonyesha nini kwamba alifanya kazi pale?

Na mambo yale yamerudi. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa kutafuta dhahabu upande huo. Sheria ya Madini ya 2016 yasema mrabaha ugawanywe: Serikali ya Taifa asilimia 70, kaunti 20, jamii ya pale 10. Hiyo 10 itaandikwa katika daftari gani, na nani ataruhusiwa kulifungua? Wenyeji waulize kabla ofisi haijajengwa.

Hapa kwetu, aliye na tikiti ya kazi au karatasi ya mshahara ya mzee wake asiichome. Ampelekee katibu, itanakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo.