Mwili si Injini ya Joto: Mashine za Kukoboa na Vitamini B Kilimanjaro



Kuanzia Kahe kule tambarare hadi Marangu na Kibosho juu mlimani, si rahisi kukuta kijiji kisicho na mashine ya kusaga na kukoboa. Mtaalamu wa lishe huiangalia mashine hiyo kwa unga unaotoka. Mhandisi huiangalia kwa injini inayoizungusha. Leo naomba tuviangalie vyote viwili kwa pamoja, maana naamini kosa letu kubwa kuhusu chakula limezaliwa hapo vinapokutana. Tumezoea kuuhesabu mwili kana kwamba nao ni injini ya joto: utie mafuta, upate kazi. Basi unga ukishashibisha na kutia nguvu, tunaona umemaliza wajibu wake. Hoja yangu ni kwamba mwili si injini ya joto, na hilo linathibitika kwa hesabu. Kwa kuwa si injini ya joto, nishati peke yake haiutoshi. Unahitaji pia vitamini za kundi B, na hizo ndizo tunazolipia dizeli ili ziondolewe kwenye mahindi.

Tuanze na injini yenyewe. Mwaka 1824 mhandisi kijana wa Kifaransa, Sadi Carnot, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu itokanayo na moto. Alionyesha kwamba joto halifanyi kazi kwa kuwapo tu; hufanya kazi linapotoka penye moto kwenda penye ubaridi, na tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayoweka kikomo cha kazi itakayopatikana, hata fundi awe hodari vipi. Pande hizo mbili mteja anayesubiri zamu ya kusagiwa anaweza kuziona kwa macho. Ndani ya silinda hewa hubanwa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta bila cheche. Pembeni pana pipa la maji ya kupozea, ambalo kadiri siku inavyokwenda haligusiki. Maji yale pamoja na moshi wa ekzosi hubeba sehemu kubwa ya joto la dizeli. Katika kila lita kumi, takriban tatu ndizo zinazogeuka mzunguko wa mkanda. Saba zinapasha maji na hewa. Huo si uzembe wa fundi. Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, aliibana hewa kiasi kile kwa kumfuata Carnot: alitaka upande wa moto uzidi kuwa wa moto.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo kwa mpagazi anayepanda kutoka lango la Marangu, mita 1,870 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Kibo Hut iliyo kwenye mita kama 4,720. Mwenyewe ana kilo 70, na mzigo tuseme ni kilo 20. Kuinua kilo 90 kwa mita 2,850 ni kazi ya kilokalori 600 hivi, mbali na nishati ya kuishi na kujipasha joto. Je, misuli yake ingekuwa injini ya joto, ingehitaji chakula kiasi gani? Joto la mwili ni nyuzi 37, yaani 310 tukihesabu kuanzia sifuri halisi. Hewa ya mji wa Moshi tuseme ni nyuzi 24, yaani 297. Tofauti ni 13, na 13 ukiigawa kwa 310, joto la upande wa moto, unapata kikomo cha asilimia 4 tu. Kwa ufanisi huo mpagazi angehitaji kilokalori 15,000 kwa kupanda peke yake, zaidi ya kilo 4 za unga. Lakini misuli ya binadamu hufikia ufanisi wa robo hivi, kwa hiyo kilokalori 2,400 zinamtosha kwa kazi hiyo. Ili injini ya joto ifikie robo wakati upande wake wa baridi uko nyuzi 24, upande wa moto ungepaswa kuzidi nyuzi 120, na hakuna nyama hai inayostahimili joto hilo. Mwanafiziolojia Adolf Fick aliutumia mwelekeo huu wa hoja katika karne ya 19 kuonyesha kwamba misuli haipati kazi yake kutokana na joto. Inaipata moja kwa moja kutokana na kemia, na joto tunalolisikia mwilini ni masalia ya kazi hiyo.

Hapo ndipo vitamini B zinapoingia, na ndiyo sababu sipendi kusikia zikitangazwa kama dawa ya kuongeza nguvu. Hazina nishati hata chembe. Kazi yake ni kuwezesha vimeng'enya vipokezane nishati ya chakula hatua kwa hatua, bila moto. Nichukue hatua moja tu. Wanga wa ugali ukishavunjwavunjwa ndani ya seli hufika mahali ukawa kitu kiitwacho piruveti. Ili piruveti iendelee mbele, vimeng'enya vinavyoipokea vinadai visaidizi vitano, na vinne kati ya hivyo mwili huvitengeneza kutokana na thiamini, riboflavini, naiasini na asidi ya pantotheni. Ikikosekana thiamini peke yake, mlango unafungwa. Piruveti inarundikana, asidi laktiki inaongezeka, na mishipa ya fahamu na moyo ndiyo inayoumia mapema. Mtu mzima ana akiba ya miligramu 30 hivi za thiamini, inayomtosha wiki mbili au tatu. Tena mahitaji yake hupanda kwa kadiri ya wanga anaokula, takriban nusu miligramu kwa kila kilokalori 1,000. Kwa hiyo anayejaza tumbo kwa wanga mtupu hajaliziba pengo, amelipanua. Foleti na B12 zina kazi nyingine, ya kutengeneza seli mpya na damu. Mama akikosa foleti katika wiki za kwanza za ujauzito, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka.

Dunia iliyajua haya kwa sababu ya injini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vinu vya mvuke vilienea Asia, vikaung'arisha mchele kwa bei ambayo hata askari na mfungwa waliweza kuupata. Beriberi, ugonjwa wa kukosa thiamini, ikaenea pamoja navyo. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi Batavia, Java, aliona kuku wa maabara wakilegea miguu kwa ugonjwa uliofanana nao. Walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi. Alipokuja mpishi mpya akakataa kutoa wali wa jeshi kwa kuku wa kiraia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri na wakapona. Mwenzake Adolphe Vorderman akaenda kuchunguza magereza ya Java na kukuta picha ileile kwa wanadamu: beriberi ilikuwa nyingi kwenye mchele mweupe, haba kwenye mchele wenye ngozi yake. Eijkman mwanzoni alidhani wanga una sumu. Gerrit Grijns, aliyeendeleza utafiti wake, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba kuna kitu kinakosekana. Thiamini yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1926. Injini ilikuwa imefanya kazi yake barabara kwa miongo kadhaa kabla mtu hajajua inaondoa nini.

Mahindi yana habari hiyohiyo. Punje ina ganda, ina kiini upande wa chini, na katikati ina wanga. Vitamini B nyingi, pamoja na mafuta, zimekaa kwenye kiini na tabaka za nje. Mashine ya kukoboa huvua ganda na kung'oa kiini, na kadiri mteja anavyosema "rudia tena yawe meupe" ndivyo vinavyozidi kwenda. Katika gramu 100 za mahindi mazima mna takriban miligramu 0.38 za thiamini na 3.6 za naiasini. Mahindi yakishaondolewa kiini hubaki na 0.14 hivi ya thiamini na kama 1 ya naiasini. Baada ya hapo wengine huyaloweka kabla ya kuyaanika na kuyasaga sembe, na vitamini B huyeyuka kwenye maji. Kinachotoka upande wa pili ni pumba, inayopakiwa kwenye magunia na kupelekwa kwa mifugo. Ng'ombe wa ndani, ambaye familia nyingi za mlimani humfuga, ndiye mlaji asiyehitaji kuzipata vitamini hizo kwenye chakula: vijidudu vya tumboni mwake humtengenezea vitamini B zote, hata B12, madhali apate madini yake. Nguruwe anazihitaji, na nyama yake ni miongoni mwa vyakula vyenye thiamini nyingi. Anazirudisha, lakini kwa mwenye fedha ya kununua nyama.

Kusini mwa mji wa Moshi, Arusha Chini, kiwanda cha sukari cha TPC kimekuwapo tangu miaka ya 1930. Kinachoma makapi ya miwa kuchemsha maji, na mvuke unazungusha mitambo na kuzalisha umeme. Kwa mhandisi ni mfano mzuri sana wa injini ya joto, na mimi nakisifu kwa hilo. Lakini sukari safi inayotoka ni nishati iliyovuliwa kila kitu: haina thiamini wala naiasini. Chai yenye vijiko vinne na kitumbua cha unga mweupe ni asubuhi inayodai vitamini B kutoka kwenye milo mingine ya siku hiyo.

Najua pingamizi la kwanza. Mtasema Mchaga hali ugali mtupu. Ana ndizi, maharage, mboga za kihambani (shamba la nyumbani), maziwa na nyama. Ni kweli, na penye kihamba kinachozaa vizuri sina wasiwasi mkubwa. Ndizi zina B6, maharage yana foleti na thiamini, maziwa yana riboflavini na B12. Lakini vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo, na wengi wanaishi tambarare na mjini, ambako mahindi ndiyo chakula. Kwao maharage ndiyo yanayoiokoa sahani. Na hata maharage tunayapunguza wenyewe tunapotia magadi yaive haraka, kwa sababu thiamini huharibika kwenye maji ya magadi. Kuyaloweka usiku kucha kunaokoa kuni bila kuhitaji magadi. Kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nitasema kwa ufupi: kimea cha ulezi ni chakula kizuri, ila pombe huzuia utumbo kufyonza thiamini. Kimea hicho kikipikwa uji wa mtoto kina manufaa zaidi.

Wala sidai kwamba dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, inatosha peke yake. Naiasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliipati kirahisi, isipokuwa mahindi yapikwe kwa chokaa kama wafanyavyo Meksiko. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya 18,000, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa naiasini, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa mahindi. Dona inataka maharage au karanga kando yake.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la sumukuvu. Ukungu hushambulia zaidi sehemu za nje za punje na kiini, hivyo kukoboa hupunguza sumu. Utafiti uliofanyika Rombo ulionyesha watoto wachanga wakilishwa sumu hizo kwenye uji wa mahindi, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo. Kwa hiyo nasema wazi: mahindi yaliyooza au kuota ukungu yasisagwe dona, na mtoto asipewe kabisa. Lakini kukoboa hakuyasafishi mahindi mabovu, kunayapunguzia sumu tu, huku kukiyanyima vitamini hata mahindi mazuri. Kazi ya kuzuia ukungu iko shambani na ghalani: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kupepeta, kuchambua punje zilizovunjika, kuhifadhi yakiwa yamekauka.

Wengine watasema serikali imekwisha kulimaliza jambo hili, kwani tangu kanuni za mwaka 2011 viwanda vinatakiwa kuongeza virutubishi, ikiwamo foleti na B12, kwenye unga wa ngano na mahindi. Naziunga mkono kwa moyo wote, hasa kwa ajili ya mama wajawazito, na B12 haimo kwenye mahindi kwa vyovyote yatakavyosagwa. Ila kiasi kikubwa cha mahindi yetu hupita kwenye mashine ndogo, ambako mteja huja na debe lake na kuondoka nalo. Mashine hizo zifungiwe vipimio vya kuchanganyia virutubishi, na gharama ya mchanganyiko isimwangukie mwenye mashine peke yake. Shule ya bweni inayonunua sembe ya mwezi mzima inaweza kuanza mapema zaidi: inunue mahindi makavu yaliyochambuliwa, iyasagishe dona kila wiki, maana mafuta ya kiini huufanya unga uchache ukikaa, na fedha iliyokuwa ikilipia kukoboa iongezwe kwenye maharage.